Kamera moja, bima mbili: mwongozo kamili kwa mwenye mali Mwanza

Mthamini wa hasara alifungua kifuniko cha betri kwa ukucha, akaigeuza kamera, na juu ya karatasi nyeupe mezani kwangu likadondoka gamba la sato. Dogo, kavu, linang'aa. Mwenye kamera, mpiga picha za harusi wa Kirumba, akalitazama kama vile gamba lenyewe ndilo lililomponza. Siku tatu kabla alikuwa akishuka kwenye boti kule Ukerewe, ubao ukacheza, begi likaenda majini, wavuvi wakalivua na kulitupia kwenye ndoo iliyokuwa na samaki.

"Dada yangu," akaniambia mthamini alipoondoka, sauti ameishusha, "hii kitu ina bima mbili. Hapa si nalamba mara mbili?"

Wakati huo nilikuwa karani wa madai kwa dalali mmoja wa bima hapa mjini. Kijana alikuwa amejaza fomu mbili za kampuni mbili, na kwenye zote, palipoulizwa kama mali hiyo ina bima nyingine, ameandika "Hapana". Fomu ya kwanza niliipokea mimi mwenyewe, nikaigonga muhuri bila kumuuliza lolote. Hilo kosa ni langu na bado linanikera. Mwisho wa kisa chake utauona kwenye hesabu, huko chini.

Kwanza jibu lenyewe. Kukata bima mbili kwa kitu kimoja si kosa. Hakuna askari atakayekukamata kwa kuwa na mikataba miwili ya kamera, friji au injini ya boti. Ila bima ya mali ni ya kukurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, wala si ya kukutajirisha. Kanuni hii ina umri: mwaka 1758 huko Uingereza, kwenye kesi ya Godin dhidi ya London Assurance, Jaji Mansfield alisema mwenye bima mbili hawezi kupata zaidi ya hasara yake, na kampuni iliyolipa yote inaweza kuidai kampuni nyingine mchango. Sheria zetu za mikataba ya bima zimekunywa kisima hichohicho. Kwa hiyo kamera ya milioni nne ikifa, zinatoka milioni nne, ziwe zimetoka mfuko mmoja au mitano.

Bima ya maisha ni habari nyingine. Uhai hauna bei ya dukani, basi mtu anaweza kuwa na mikataba miwili ya maisha na yote ikalipa. Watu wengi huchukua kanuni ya huko wakaileta kwenye runinga na simu, na hapo ndipo wanapopotea.

Hatua ya 1: Fukua makaratasi yote

Wengi wenye bima mbili hawakukusudia. Moja waliinunua, nyingine iliwafuata ikiwa ndani ya kitu kingine. Kaa chini jioni moja na utoe kila karatasi yenye neno bima: mkopo wa benki au SACCOS, bima ya vyombo vya nyumbani, simu uliyochukua kwa malipo ya kidogo kidogo, bima ya safari, bima kubwa ya gari, na mkataba wa kazi kama unatumia vifaa vya mwajiri.

Kwenye mkopo, simama kidogo. Ile "bima ya mkopo" inayokatwa siku unapochukua fedha, mara nyingi ni bima ya uhai wako: ukifa au ukipata ulemavu wa kudumu, deni linalipwa. Kitu ulichonunua kwa fedha hizo hakimo. Nimeshakaa na mama mmoja wa Igoma aliyeamini friji zake mbili za biashara zina bima kwa sababu kwenye taarifa ya mkopo kulikuwa na makato yaliyoandikwa "bima". Zilipoungua, karatasi ikasomwa mstari kwa mstari: ilimtaja yeye, friji hazikutajwa popote. Kwa hiyo kabla ya kuogopa bima mbili, hakikisha unayo hata moja.

Bima kubwa ya gari nayo inakinga gari. Begi la kamera lililoachwa kiti cha nyuma pale Makoroboi mara nyingi halimo, au limewekewa kikomo kidogo sana.

Kila mkataba unaoupata, hakiki kama upo kweli. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni uitwao TIRA-MIS ambako unaingiza namba ya kavanoti (hati inayoonyesha umekatiwa bima) au ya stika na kuona kama inatambulika. Kumbuka pia kanuni iliyomo kwenye Sheria ya Bima ya 2009: ada haijalipwa, kinga haipo. Kavanoti ambayo wakala alikupa kwa ahadi ya "utamalizia Ijumaa" usiihesabu.

Hatua ya 2: Iweke mikataba miwili ubavu kwa ubavu, uliza maswali manne

Je, inakinga kitu kilekile? Kwa maslahi ya mtu yuleyule? Dhidi ya janga lilelile? Kwa kipindi kilekile? Ukijibu ndiyo mara nne, hiyo ni bima maradufu. Ukijibu hapana hata mara moja, huenda una mikataba miwili inayokamilishana, na hiyo ni neema.

Swali la janga ndilo linalowaangusha wengi. Bima ya kawaida ya vyombo vya nyumbani inakinga moto, mafuriko na wizi wa kuvunja, tena ndani ya nyumba iliyoandikwa. Kamera ikiwa kabatini Pasiansi inakingwa. Ikiwa kwenye boti ya Nansio haikingwi, labda uwe umelipia nyongeza ya vitu vya thamani vinavyotembea nawe. Angalia na mipaka ya nchi. Mikataba mingi inaishia Tanzania, na sisi wa kando ya ziwa tuna mazoea ya kuitwa Kisumu au Kampala kwa kazi ya siku mbili bila kuwaza mpaka. Bima ya pili iliyokatwa kwa safari hiyo tu inaanza pale ya kwanza inapoishia, hata kama orodha ya vitu ni ileile.

Swali la maslahi ni gumu zaidi. Mwaka 1877 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya nafaka zilizoungua ghalani. Mwenye ghala alikuwa na bima yake kwa sababu aliwajibika kwa mali za wateja, na mwenye nafaka alikuwa na yake. Ilionekana kama bima mbili kwa shehena moja. Mahakama ikasema hapana: maslahi ni tofauti, na kampuni ya mwenye ghala ndiyo ibebe mzigo. Lete hiyo kwetu: umepeleka laptop kwa fundi, fundi ana bima ya vifaa vya wateja, na wewe una yako ya nyumbani. Duka likiungua, anayeanza kuulizwa ni fundi na kampuni yake. Wewe toa taarifa kwako pia, ila usikubali kuambiwa haraka kwamba "mtagawana nusu kwa nusu".

Na benki? Kama kifaa ulichokopea kimekatiwa bima na benki imeandikwa mnufaika wa kwanza, fidia inapita benki, deni linakatwa, chenji ndiyo inakujia. Jua hilo kabla hujaanza kupanga matumizi.

Hatua ya 3: Tafuta kipengele cha bima nyingine

Kipo karibu kila mkataba, kwa kawaida nyuma kabisa kwenye masharti ya jumla, kwa herufi za kuumiza macho. Kinakuja kwa sura kadhaa. Kuna kinachosema utoe taarifa ya bima nyingine yoyote, usipotoa mkataba unakosa nguvu. Kuna kinachosema "tutalipa sehemu yetu tu kwa uwiano". Kuna kinachosema kampuni itaanza kulipa pale bima nyingine itakapoishiwa. Na kuna kikali: kama kuna bima nyingine, hatulipi kabisa.

Utauliza, je, kampuni zote mbili zikiwa na kile kikali, si kila moja itanyoosha kidole kwa mwenzake? Swali hilo lilijibiwa Uingereza mwaka 1932, kesi ya Weddell: vipengele viwili vya namna hiyo vinauana, kampuni zote zinabaki kuwajibika, zinachangia. Ni hoja nzuri ya kuwa nayo mfukoni. Lakini kuwa na hoja na kuwa na fedha ni vitu viwili, na katikati yake kuna miezi.

Hatua ya 4: Toa taarifa kwa maandishi, kwa kampuni zote mbili

Hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea. Mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu: unachokijua kuhusu mali yako, na ambacho kingebadilisha uamuzi wa kampuni, unakisema bila kuvutwa ulimi. Bima ya pili ni jambo la aina hiyo. Ukiwa na bima mbili na zote zinajua, una usumbufu mdogo wa hesabu. Ukiwa nazo mbili na hazijuani, kila moja ina sababu ya kukukimbia siku ya shida.

Barua yenyewe ni fupi:

*Yah: Taarifa ya bima nyingine, mkataba namba ……*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamera yangu aina ya ……, namba ya kiwandani ……, mliyoikatia bima kwa Sh 4,000,000, imekatiwa bima pia na kampuni ya ……, mkataba namba ……, kwa Sh 6,000,000, kuanzia tarehe …… hadi tarehe …… Naomba taarifa hii iingizwe kwenye mkataba wangu na nipatiwe uthibitisho wa maandishi.*

Andika na ya pili inayoelekea upande wa pili. Chapa nakala mbili za kila moja, ya kwako igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe. Kama kampuni ina ofisi Dar es Salaam tu, tuma kwa barua pepe na usifute majibu.

Tahadhari moja ambayo naiona inasahaulika kila siku: wakala na dalali si mtu mmoja. Wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali anakuwakilisha wewe. Kwa hiyo kumwambia dalali hakutoshi, hata mkinywa naye chai kila asubuhi pale Kenyatta. Hakikisha ameifikisha na amekuletea uthibitisho. Na ujumbe wa WhatsApp kwa wakala, wenye alama mbili za bluu, si kitu cha kujivunia mbele ya idara ya madai.

Kinachorudi kwako kiwe karatasi ya marekebisho ya mkataba. Ikifika, ibane pamoja na mkataba wenyewe.

Hatua ya 5: Amua bima ipi ibaki

Kwa maoni yangu, kwa kitu binafsi cha milioni mbili, tatu, nne, bima maradufu haina faida. Unalipa ada mbili kwa fidia moja. Baki na ile inayokifuata kitu kinakokwenda, hata kama ada yake imezidi kidogo. Bima ya bei nafuu inayoishia kizingitini haimfai mtu anayeshinda majini.

Zipo hali tatu ninazoweza kuzitetea. Ya kwanza ni ya mipaka tofauti, kama safari ya Kisumu. Ya pili ni ya kujazia: kampuni ya kwanza inakubali milioni tatu tu kwa kitu cha milioni tano, unatafuta ya pili kwa milioni mbili, wote wakijua. Ya tatu ni pale mkopeshaji anapokulazimisha kutumia bima yake, kama inavyowatokea wavuvi wa vikundi wanaokopeshwa injini za boti. Hapo punguza au futa ile ya kwako.

Kufuta kuna hesabu yake. Ukivunja mkataba mwenyewe katikati ya mwaka, kampuni nyingi hazikurudishii miezi iliyobaki kwa uwiano kamili. Zinatumia viwango vya muda mfupi, ambavyo vinakula zaidi. Na kama umeshadai fidia mwaka huo, usitarajie kurudishiwa. Mara nyingi ni nafuu kuiacha imalizike na usiihuishe. Usifute ya zamani kabla hujaona ya kubaki ina kila kitu, ikiwemo namba sahihi ya kifaa.

Tena rekebisha thamani. Yule kijana wa Kirumba kamera yake ilikuwa ya milioni nne, lakini mkataba wa pili ulibaki na milioni sita, bei ya dukani ya mwaka alioinunua na lenzi ambayo alishaiuza. Milioni mbili zile alizilipia ada bure, maana zisingelipwa kamwe.

Hatua ya 6: Siku ya hasara

Okoa kinachookoleka, bila kukitengeneza. Kamera iliyoingia maji usiiwashe "kujaribu". Toa betri, piga picha, iache. Wizi: nenda kituo cha polisi uchukue RB siku hiyohiyo. Simu: uwe na namba ya IMEI, ambayo uliitafuta mapema kwa kupiga *#06# na kuiandika mahali ambapo si kwenye simu hiyohiyo.

Kisha zijulishe kampuni zote mbili, siku moja, kwa maneno yaleyale. Maelezo yakipishana, hata kwa saa tu, mthamini atayaweka sambamba na kukuuliza. Chagua moja iongoze dai, kwa kawaida ile yenye masharti mapana, na nyingine uiambie wazi kwamba dai limepelekwa kule na wewe unalinda haki yako. Kwenye fomu, palipoulizwa bima nyingine, andika jina la kampuni na namba ya mkataba. Risiti ya EFD moja inatosha kwa wote. Atakaye nakala halisi mwonyeshe, usimwachie.

Ukificha na kulipwa kote, hilo linaitwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, na Kanuni ya Adhabu inalijua. Wathamini wa mji huu si wengi, na wanajuana. Kamera yenye gamba la sato ndani yake haisahauliki.

Hatua ya 7: Piga hesabu mwenyewe

Turudi kwa kijana. Thamani ya kamera Sh 4,000,000. Kampuni ya kwanza imekatia 4,000,000, ya pili 6,000,000. Matengenezo yamekadiriwa Sh 3,000,000. Kila mkataba una ekses ya Sh 200,000, yaani kiasi unachobeba mwenyewe.

Uwiano wa 4 kwa 6 unaigawa milioni tatu hivi: kampuni ya kwanza 1,200,000, ya pili 1,800,000. Njia nyingine ni kuangalia kila kampuni ingelipa ngapi kama ingekuwa peke yake. Hapa kila moja ingelipa 3,000,000, basi zinagawana 1,500,000 kwa 1,500,000. Kwako jumla haibadiliki. Ni ugomvi wao, usikubali dai lako lisubiri waumalize.

Sasa toa ekses. Kila kampuni ikikata yake, unabaki na 2,600,000. Ungekuwa na bima moja ungepata 2,800,000. Umelipa ada mara mbili ili upate laki mbili pungufu. Omba kwa maandishi ekses ikatwe mara moja tu. Kampuni nyingine hukubali.

Hayo ni kama mambo yamekwenda vizuri. Yake hayakwenda. Kampuni ya pili iligundua lile "Hapana" na kukataa dai lote. Ya kwanza ikasema itabaki kwenye sehemu yake kwa uwiano, kwa sababu siku ya ajali ile bima nyingine ilikuwa hai. Milioni moja na laki mbili, toa ekses: akapata Sh 1,000,000 kwa hasara ya milioni tatu. Ilichukua miezi minne, na harusi za msimu ule alipiga kwa kamera ya kuazima.

Kama kila mkataba umekatiwa nusu ya thamani, angalia pia kipengele cha wastani, kile kinachopunguza fidia kwa uwiano pale kiasi ulichokatia bima kinapokuwa pungufu ya thamani ya kitu. Kamera ya milioni nne iliyokatiwa milioni mbili huku na mbili kule, hasara ya milioni moja: kila kampuni italipa nusu ya hasara, 500,000, na jumla inakamilika. Ikikosekana moja, hiyo nusu ndiyo yote uliyonayo.

Hatua ya 8: Soma kabla ya kusaini

Kabla ya hundi utaletewa hati ya kukiri malipo. Nyingi zinasema umepokea fidia kamili na ya mwisho, na huna dai lolote tena kuhusu hasara hiyo. Kama kinacholipwa ni mchango wa kampuni moja tu, sentensi hiyo inaweza kukuponza kwa ile ya pili. Waambie waandike: "ikiwa ni sehemu ya kampuni hii pekee". Wakigoma, iandike kwa mkono juu ya sahihi yako na upige picha.

Na kilichobaki? Ukishalipwa thamani yote, kifaa kilichoharibika ni mali ya waliokulipa. Mwizi akikamatwa Buzuruga na kamera ikapatikana nzima, nayo hivyohivyo. Unaweza kuomba kuinunua.

Hatua ya 9: Wakikuzungusha

Anza na lalamiko la maandishi kwa idara ya madai ya kampuni yenyewe, ukidai jibu la maandishi lenye kutaja kipengele walichokitumia kukukatalia. Bila hilo jibu huna cha kupeleka mbele. Ukilipata na hukuridhika, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya watu wasioweza kubeba gharama za mahakama. Beba mikataba yote miwili, barua za taarifa zenye muhuri, fomu za madai kama ulivyozijaza, ripoti ya mthamini, na barua ya kukataliwa. Zipange kwa tarehe, ya zamani juu.